Dau Linavyomlisha Farasi

Kumtunza farasi wa mashindano nchini Uingereza ni jambo la hasara kwa wamiliki walio wengi. Mwenye farasi humlipa mwalimu kwa kila siku ambayo farasi yuko zizini, humlipa mpandaji kwa kila mbio, kisha hulipia daktari wa mifugo, fundi wa kwato, usafiri na ada ya kushiriki. Zawadi ambazo farasi wa kawaida huzipata kwa mwaka hazifikii hata nusu ya gharama hizo. Viwanja navyo, ambavyo ni 59 kutoka Uskoti hadi pwani ya kusini, haviwezi kujiendesha kwa viingilio vya mlangoni pekee. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu kubwa na watu ambao wengi wao hawajawahi hata kumgusa farasi, yaani wanaobeti. Fedha zao hufika zizini kwa njia mbili, moja ya sheria na nyingine ya biashara. Zote mbili zimetokana na zaidi ya karne moja ya dola kubishana na raia wake kuhusu nani aruhusiwe kubeti, abetie wapi, na nani apewe fungu katika kinachobaki mezani.

Mwanzoni dola haikutaka fungu lolote, ilitaka kukomesha. Sheria ya mwaka 1853 ilipiga marufuku nyumba za kupokelea madau, na ile ya 1906 ikaharamisha kupokea madau barabarani. Lakini marufuku hayo hayakumlemea kila mtu kwa uzito mmoja. Aliyekwenda uwanjani aliruhusiwa kuweka dau palepale. Mwenye akaunti ya mkopo kwa mpokea madau aliweza kubeti kwa telegramu au simu akiwa nyumbani kwake, kwa kuwa hapakuwa na fedha taslimu zilizotoka mkononi. Kibarua wa kiwandani hakuwa na nafasi ya kwenda uwanjani siku ya kazi, wala mtu wa kumkopesha. Yeye alibaki na vijana waliosimama kwenye kona za mitaa, kwenye baa na milango ya viwanda, wakikusanya sarafu na vikaratasi vya majina ya farasi na kuvipeleka kwa mpokea madau wa mafichoni. Polisi waliwakamata, mahakama ziliwatoza faini, na kesho yake walirudi palepale. Rushwa kwa polisi ikawa sehemu ya gharama za biashara. Tendo lilikuwa lile lile, ila tajiri alilifanya kwa simu na kuachwa, na maskini alilifanya kwa sarafu na kupelekwa kortini. Hilo lilikuwa tatizo zito kuliko kamari yenyewe.

Mwaka 1926 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Fedha, alijaribu kuvuna kodi katika madau halali. Makusanyo yalikuwa madogo kuliko matarajio, kwa kuwa madau mengi yalipita barabarani ambako kisheria hayakuwapo kabisa, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1929. Lilikuwa jaribio la miaka mitatu tu, lakini lilionyesha jambo ambalo mawaziri wa baadaye wangelazimika kujifunza upya: hakuna kodi inayoweza kukusanywa kwenye biashara ambayo sheria imekataa kuitambua.

Katika kipindi hicho hicho Bunge lilifungua mlango mwingine. Sheria ya mwaka 1928 iliunda bodi ya umma ya kuendesha mfumo wa mfuko wa pamoja viwanjani, uliokuja kujulikana kwa jina la Tote, na mashine zake zilianza kazi Julai 1929. Tofauti ya mfumo huu na ule wa mpokea madau ndiyo ufunguo wa fedha zote za mbio za farasi duniani, hivyo inafaa kuelezwa taratibu. Mpokea madau humtajia mteja bei: farasi huyu akishinda, kila pauni moja italipwa tano. Bei hiyo ni ahadi, na farasi akishinda mpokea madau hulipa kutoka mfukoni mwake, hata kama siku hiyo ataondoka na hasara. Katika mfuko wa pamoja hakuna ahadi ya bei. Madau ya watu wote huwekwa pamoja, mwendeshaji hukata asilimia yake kwanza, na kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda kulingana na madau yao. Mwendeshaji hapati hasara hata siku moja, kwani hashindani na mteja. Wateja wanashindana wao kwa wao. Na kwa kuwa makato hutolewa kabla ya mbio kuanza, ni rahisi kwa sheria kuagiza kwamba sehemu yake iende kwa wafugaji, kwa viwanja na kwa serikali.

Mfumo huo ulibuniwa Paris na Joseph Oller mwaka 1867, na Ufaransa ikaujengea nyumba nzima. Sheria ya mwaka 1891 iliwazuia wapokea madau wa bei na kuruhusu mfuko wa pamoja tu, chini ya vyama vya mbio za farasi visivyogawana faida. Mwaka 1930 vyama hivyo vilianzisha PMU, shirika linalopokea madau nje ya viwanja, na hadi leo ziada yake hurudi kwenye mbio zenyewe, mamia ya mamilioni ya euro kila mwaka. Hong Kong ilifuata njia inayofanana: klabu moja tu, Hong Kong Jockey Club iliyoanzishwa mwaka 1884, ndiyo yenye idhini ya kupokea madau ya farasi, na baada ya kulipa ushuru mzito na gharama zake, ziada huenda kwenye misaada ya jamii. Katika sehemu hizo mbili hakuna mtu wa kati wa kubishana naye. Uingereza ilikuwa nayo Tote, lakini haikuthubutu kuwaondoa wapokea madau, ambao walikuwa na mizizi mirefu viwanjani na mitaani. Wote wawili waliachwa kuwapo, na kutokana na uamuzi huo likazaliwa swali ambalo Wafaransa hawakuwa nalo: mpokea madau binafsi anayetengeneza faida juu ya farasi wa wengine alazimishwe vipi kuwalipa?

Jibu lilikuja pamoja na kuhalalishwa kwa maduka ya kubeti. Sheria ya mwaka 1960, iliyosimamiwa na R. A. Butler akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, iliruhusu mtu mwenye leseni kupokea madau ya fedha taslimu dukani, na milango ikafunguliwa tarehe 1 Mei 1961. Katika miezi michache maelfu ya maduka yalikuwa yamesambaa nchini. Serikali haikutaka yapendeze. Madirisha yalifunikwa ili wapita njia wasivutwe, televisheni hazikuruhusiwa, wala hapakuwa na chai au kiti cha kustarehe. Mteja alitakiwa kuweka dau lake na kuondoka. Ukavu huo wa makusudi uliendelea hadi mwaka 1986, sheria ilipolegezwa na picha na vinywaji vikaingia. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya uangalifu: dola ingeruhusu kiu iliyokuwapo tayari bila kuizidisha. Wanaoandika sheria za kubeti leo, palipo na matangazo kwenye kila jezi na kila simu, wangefanya vyema kuitazama tena.

Wenye mbio waliona hatari mara moja. Mtu anayebeti dukani kwake mtaani hana sababu ya kulipa kiingilio uwanjani. Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1961 iliyounda Bodi ya Tozo ya Madau ya Mbio za Farasi, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Jemadari John Harding, mkuu wa zamani wa jeshi. Kila mpokea madau alitakiwa kuchangia kutokana na biashara yake ya farasi. Tozo si kodi kwa maana ya kawaida, kwani fedha zake haziingii Hazina. Sheria inazifunga kwenye makusudi matatu: kuboresha mbegu za farasi, kuendeleza sayansi na elimu ya tiba ya wanyama, na kuboresha mbio zenyewe. Sehemu kubwa kabisa huongezwa kwenye zawadi. Nyingine hulipia waganga wa siku ya mashindano, upimaji wa dawa zilizokatazwa, utafiti wa magonjwa ya farasi, na mikopo ya kukarabati viwanja. Vizuizi vya kuanzia mbio, vile vyumba vyembamba ambavyo milango yake hufunguka kwa pamoja, vilianza kutumika Uingereza mwaka 1965 kwa msukumo wa bodi hiyo. Mteja aliyekuwa akibeti pauni moja dukani, bila kujua, alikuwa akilipia pia uhakika kwamba farasi wote wameanza sawa na kwamba hakuna aliyechomwa sindano.

Hazina ilirudi kudai chake mwaka 1966, safari hii ikikuta biashara halali yenye maduka na vitabu vya hesabu. Waziri wa Fedha James Callaghan alianza na ushuru wa asilimia 2.5 ya kila dau. Kiwango kilipanda hadi asilimia 8 kwa madau ya nje ya viwanja, kisha kikashuka hadi 6.75 mwaka 1996. Wapokea madau waliuhamishia ushuru huo kwa mteja: dukani alikatwa asilimia 9, ambayo ilijumuisha ushuru pamoja na gharama ya tozo, na angeweza kuchagua kukatwa kwenye dau lake au kwenye ushindi wake. Mfumo huo ulidumu kwa muda ambao mteja hakuwa na pa kwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akapata pa kwenda. Mwaka 1999 Victor Chandler, mmoja wa wapokea madau wakubwa, alihamishia shughuli zake Gibraltar na kuwapokea wateja wa Uingereza kwa simu bila makato yale. Washindani wake hawakuwa na hiari. Kampuni kubwa nazo zikafungua matawi ya nje.

Serikali ilijibu kwa kubadili kinachotozwa. Kuanzia Oktoba 2001 ushuru wa dau ulifutwa, na badala yake kampuni zikatozwa asilimia 15 ya faida ghafi, yaani kinachobaki baada ya kutoa malipo ya washindi kwenye madau yote. Mfano mdogo unaonyesha ukubwa wa mabadiliko hayo. Duka lililopokea madau ya pauni 1,000,000 na kulipa washindi pauni 900,000 lina faida ghafi ya pauni 100,000. Kwa ushuru wa dau wa asilimia 6.75, Hazina ingechukua pauni 67,500. Kwa ushuru wa faida ghafi wa asilimia 15, inachukua pauni 15,000. Pato kwa kila pauni lilishuka sana, lakini makato kwa wateja yakaondolewa, na waliokuwa wakitoroka wakarudi. Tozo ya farasi nayo ikahamia kwenye hesabu hiyo hiyo, kwa kiwango cha asilimia 10 ya faida ghafi.

Afrika Mashariki imepitia somo hili kwa njia yake. Kenya, ambako mbio za farasi zilizoletwa na Waingereza bado hukimbizwa kwenye uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ilipandisha kodi ya kampuni za kubeti hadi asilimia 35 ya mapato yao mwanzoni mwa 2018, na kampuni ya kubeti ya SportPesa ikasitisha udhamini wake kwa michezo ya nchini. Mwaka huo huo kiwango kikashushwa hadi 15. Mwaka 2019 uliwekwa ushuru wa asilimia 20 juu ya dau lenyewe, ukaondolewa mwaka uliofuata, ukarudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 7.5. Kodi juu ya dau humkata mteja hata anaposhindwa, na kwa biashara ambayo faida yake kwa kila dau ni nyembamba, asilimia chache tu zinatosha kuwasukuma watu kwenye tovuti zisizo na leseni. Kodi juu ya faida ghafi ina ubaya wake pia: humfunga mtoza kodi kwenye hasara ya mteja.

Ubaya huo unastahili kutazamwa bila kukwepa macho. Faida ghafi ya kampuni na jumla ya fedha zilizopotezwa na wateja wake ni kiasi kilekile. Tangu tozo ihesabiwe hivyo, mbio za farasi hupata zaidi pale wanaobeti wanapopoteza zaidi, na wiki ambayo farasi wengi waliotegemewa na umma wanashinda, furaha ya vijiweni ni upungufu kwenye mfuko wa zawadi. Mchezo unaowaita watu kuwa mashabiki umefungwa na sheria kwenye kushindwa kwao. Hilo halifanyi tozo kuwa haramu, lakini linamaanisha kwamba chama cha mbio hakiwezi kuwa mwamuzi huru wa swali la nani anabeti kupita uwezo wake.

Nchini Uingereza, ushindi wa mwaka 2001 haukudumu. Intaneti ilikua, na kampuni zikabakiza maduka Uingereza huku biashara ya mtandaoni ikiendeshwa kutoka Gibraltar na visiwa kadhaa, ambako haikudaiwa ushuru wala tozo. Wenye mbio walijaribu kutafuta haki nyingine: kuuza orodha za farasi, wapandaji na saa za mbio kama mali yao, ili kila anayezitumia alipe. Kesi yao dhidi ya kampuni ya kubeti ya William Hill ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo Novemba 2004 iliamua kwamba orodha hizo hazilindwi kwa namna waliyodai. Wakati huo sheria ya kuifuta tozo ilikuwa tayari imepitishwa, kwa kutegemea kwamba mauzo hayo yangechukua nafasi yake. Tozo ikabaki kwa kukosa mbadala, ikizidi kunyauka. Kutoka zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka ilishuka hadi karibu milioni 50 katika msimu wa 2016/17. Tote yenyewe iliuzwa na serikali kwa kampuni ya Betfred mwaka 2011 kwa pauni milioni 265.

Dawa ilipatikana kwa kuacha kuuliza kampuni iko wapi na kuanza kuuliza mteja yuko wapi. Tangu mwishoni mwa 2014, yeyote anayepokea madau ya mtu aliye Uingereza anahitaji leseni ya Tume ya Kamari na analipa ushuru wa Uingereza, hata kama kompyuta zake ziko ng'ambo. Aprili 2017 tozo ikafuata kanuni hiyo: asilimia 10 ya faida ghafi inayotokana na madau ya mbio za Uingereza, baada ya kuachia pauni 500,000 za kwanza ili wapokea madau wadogo wasilemewe. Kampuni yenye faida ghafi ya pauni milioni 10.5 hulipa milioni moja. Mwaka wa kwanza makusanyo yaliruka hadi takriban milioni 95, na baadaye yakapita 100. Kukaondoka pia desturi ya kila mwaka ya pande mbili kuvutana juu ya kiwango na kumwachia waziri aamue zinaposhindwa kuelewana.

Njia ya pili ya fedha, ile ya biashara, haionekani sana lakini kwa viwanja ni ya maana kubwa. Tangu 1987 picha za mbio hurushwa moja kwa moja madukani kwa satelaiti, na maduka hulipia. Kwa hiyo idadi ya maduka yaliyo wazi imekuwa pato la uwanja. Uhusiano huo ulileta mkanganyiko uliokuja kuonekana mwaka 2019, serikali ilipopunguza dau la juu kwenye mashine za kamari za madukani kutoka pauni 100 hadi 2. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani mashine hizo ziliruhusu mtu kupoteza mshahara wa wiki ndani ya dakika chache. Lakini mamia ya maduka yaliyokuwa yakiishi kwa mashine yalifungwa, na kila duka lililofungwa lilipunguza malipo ya picha kwa viwanja ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na mashine.

Udhibiti wenyewe umegawanyika. Tume ya Kamari, iliyopata mamlaka yake kamili mwaka 2007 chini ya sheria ya 2005, hutoa leseni kwa kampuni na kuwalinda wateja. Sheria hiyo pia ilifanya udanganyifu katika kubeti kuwa kosa la jinai. Mamlaka ya Mbio za Farasi ya Uingereza, iliyoundwa pia mwaka 2007, si idara ya serikali. Imerithi kazi ambayo kwa karne mbili na zaidi ilishikwa na Jockey Club ya Uingereza: kuandika kanuni, kuwapa leseni walimu na wapandaji, na kuwafungia wanaozuia farasi wao kushinda. Kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi baada ya Betfair kuanzishwa mwaka 2000, kwani jukwaa lake liliwezesha mtu wa kawaida kubeti kwamba farasi fulani atashindwa, na kumshindisha farasi ni kugumu kuliko kumchelewesha. Dawa yake ilitoka kwenye teknolojia hiyo hiyo: kila dau la mtandaoni huacha alama, na kampuni zikatakiwa kuripoti mienendo ya kutia shaka.

Mvutano wa sasa uko kwenye ulinzi wa mteja. Baada ya waraka wa serikali wa Aprili 2023 kuhusu kamari, kampuni za mtandaoni zilianza kutakiwa kukagua dalili za matatizo ya kifedha kwa mteja anayeweka zaidi ya pauni 500 kwa mwezi, kisha kuanzia Februari 2025 zaidi ya pauni 150. Aprili mwaka huo ilianza pia tozo nyingine ya lazima kwa kampuni zote za kamari, ya kugharimia tiba, kinga na utafiti wa uraibu. Wenye mbio wanalalamika kwamba wateja wenye uwezo wamechukizwa na ukaguzi na kuhamia kwenye tovuti zisizo na leseni, na ni kweli kwamba madau ya mtandaoni ya farasi yamepungua. Hata hivyo familia zilizopoteza nyumba na wapendwa kwa sababu ya uraibu hazina bodi inayokusanya fedha kwa niaba yao, na sauti yao inapaswa kupimwa kwa uzito uleule.

Mwaka 2025 Hazina ilipendekeza kuunganisha ushuru wote wa kamari ya mtandaoni kwenye kiwango kimoja, jambo ambalo lingepandisha ushuru wa madau ya farasi kutoka asilimia 15. Tarehe 10 Septemba viwanja vilivyokuwa na mashindano vilisimamisha mbio kwa hiari, na wamiliki, walimu na wapandaji wakaenda London kupinga. Bajeti ya Novemba iliwasikiliza kwa sehemu kubwa. Michezo ya kasino ya mtandaoni ilipangiwa asilimia 40 kuanzia Aprili 2026, na madau ya michezo mingine mtandaoni asilimia 25 kuanzia Aprili 2027, lakini mbio za farasi za Uingereza zikaachwa kwenye 15. Ukiongeza tozo ya asilimia 10, dau la farasi linabeba 25, sawa na kiwango kilichopangiwa dau la mpira. Tofauti ni kwamba kumi kati yake zinarudi zizini. Ombi moja la wenye mbio bado halijajibiwa: mkazi wa Uingereza anapobeti mbio za Ireland, Ufaransa au Hong Kong, kampuni yake hailipi tozo, na kampuni ina kila sababu ya kumwonyesha mbio hizo kwanza anapofungua simu.